Aliyebonyeza Nakubali

Murielle hakuinua macho. Wanakwaya wote walikuwa wamemzunguka nyuma ya kanisa la mtaa wa Bertrams, na katikati yao Benita ameketi na kitambaa chepesi shingoni, hawezi hata kugeuza kichwa. Rangi ya blauzi mpya za kwaya ilikuwa imemchubua ngozi toka kidevuni hadi kifuani.

"Namtaka mwenye duka mahakamani," Benita alisema. "Aseme mbele ya watu alituuzia nini."

Wakili Kawira, Mkenya pekee katika kwaya ile ya Wakongomani, ambao walimwita Maître, yaani wakili, alitikisa kichwa. Anayenunua kwenye tovuti ya duka lile, alieleza, hubonyeza "Nakubali", na hapo anakuwa amekubali kwamba ugomvi wowote hautafika mahakamani. Utaamuliwa faraghani, na msuluhishi anayechaguliwa na duka lenyewe.

Benita akaguna. "Kesi ya nyani, hakimu ngedere!"

"Nitalipinga sharti hilo. Lakini watatuambia kila siku kwamba tulilikubali wenyewe. Oda ilitoka kwenye simu ya nani?"

Macho yote yalimwendea Murielle. Ndiye aliyeagiza, kama kila Pasaka: simu moja, oda moja, blauzi za wote.

Aibu ikampanda hadi masikioni. "Pardon," alisema, akapiga goti mbele ya Benita. Benita akafumba macho asimwone.

"Mama Gradi, mtu mzima husoma kwanza," Kawira alimwambia Murielle. Simu yake ikalia mkononi ikiomba ruhusa ya jambo fulani. Akabonyeza bila kuitazama, akaendelea. "Majuto ni mjukuu."

Wanawake wakaitikia kwa vichwa. Murielle alitamani ardhi ipasuke immeze. Akajizoazoa, akashika njia.

Kawira alimfuata hadi getini. Sauti yake sasa ilikuwa ya upole. "Lakini Mama Gradi, kwani hukuweza kumuuliza mtu anayejua Kiingereza?"

"Nilimuuliza, Maître. Hapa hapa getini. Ulikuwa na haraka. Ukachukua simu, ukabonyeza wewe mwenyewe, ukaniambia hakuna mtu husoma hizo vitu."

Kawira alitazama kidole chake gumba, kisha akatazama chini. "Mbona hukusema pale mbele yao?"

Murielle alijifunga upya kitenge chake.

"Benita iko na lazima na wakili wake, asikuchukie wewe," alisema. "Mimi, anichukie tu."