Vidonge Alivyotuma Sabina

Unapita mbele ya geti la wodi ya wagonjwa wa akili ukigeuza uso, kana kwamba huna mtu wako ndani. Muuguzi Nasra yumo, mwaka wa tisa sasa, na anakuonea wivu, kwa kuwa wewe ndiye unayesubiriwa.

Kila asubuhi mgonjwa wake, Bi Theodora, hapokei vidonge mpaka aulize, “Nani katuma?”

“Dada yako Sabina,” Nasra hujibu, na vidonge humezwa.

Sabina hajakanyaga hapo tangu siku aliyomleta dada yake. Nasra ndiye anayemwogesha, anayemsuka, anayeshika mikono yake anapojipigiza ukutani.

Leo wivu ulimkaba.

“Nani katuma?”

“Hakuna aliyetuma, mama. Ni mimi, Nasra. Miaka yote ni mimi.”

Bi Theodora alimtazama kwa huruma. “Wewe umeletwa na leseni ya uuguzi, mwanangu. Sabina ataletwa na damu.” Akafumba mdomo, akaanza kuukaribia ukuta.

Nasra alitaka kudanganya tena, ulimi ukagoma. Akamkumbatia kwa mkono mmoja. Katika kiganja kingine vidonge viliyeyuka kwa jasho, rangi yake nyekundu ikichuruzika.

Wewe uliye nje, ingia sasa, kabla vidonge havijaisha kuyeyuka.