Makofi ya Mama

Dative aliyasikia maneno hayo kabla ya wenzake kanisani, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mkalimani. Mbunge wa jimbo alikuja West Side, mtaa wao huko ughaibuni, kuwaeleza wakazi hali ya huduma zao. Alipomaliza habari njema za maktaba, akasema, kwa tabasamu lilelile, kwamba basi la kwenda hospitali halitapita tena mtaani kwao.

Mama yake Dative alikuwa mstari wa mbele. Basi hilo ndilo lililokuwa likimpeleka kusafishwa damu, maana binti yake hushinda kiwandani na gari hawana. Kiingereza hakukijua, lakini alipoliona tabasamu la mgeni akapiga makofi. Wengine wakamfuata.

"Bon, haya, anasema nini, mwanangu?" mama akauliza.

Dative akamgeukia mbunge. "Haliwezi kurudishwa?"

"Uamuzi umeshapitishwa, dada. Waambie nasikitika."

Dative akaweka kipaza sauti chini. Akapiga magoti mbele ya mama yake, akaishika mikono yake iliyojaa makovu ya sindano, ikiwa bado inapiga makofi.

"Mama," akasema, "acha kwanza."