Kiti chenye Nailoni

Kwa miaka tisa Hamdani alilifufua lile gari la zamani la Kimarekani uani kwake, na kwa miaka tisa hakumruhusu mkewe kulipanda. "Likamilike kwanza, Raya," alikuwa akimwambia. Kiti cha abiria alikishona upya, akakifunika nailoni. "Hii utaibandua wewe mwenyewe siku hiyo."

Kioo cha mwisho kilifika kwa meli wiki moja baada ya maziko ya Hamdani. Bi Raya alipomaliza eda, alimwita fundi Chande aje kukifunga.

Fundi alikifunga, akajifuta mikono. "Limekamilika, mama. Panda."

Bi Raya alizunguka upande wa kushoto, kama alivyozoea kwenye magari yote ya mumewe, akafungua mlango, akaketi. Magoti yake yakagusa usukani.

"Samahani, mama," fundi alisema taratibu. "Haya ya Kimarekani usukani uko kushoto. Kwako ni kule kulia."

Hakuinuka. Kiti kilikuwa kimebonyea kwa uzito wa mtu aliyekaa hapo jioni nyingi akisikiliza injini, naye alikuwa ametumbukia katikati ya lile bonde, miguu haifiki chini.

"Nikubandulie ile nailoni?"

"Hapana, baba. Niwashie tu."

Fundi alipenyeza mkono dirishani, akazungusha ufunguo. Gari likanguruma, kuku wakatawanyika uani. Bi Raya aliushika usukani kwa mikono miwili, akageuza uso kulia. Pale kwenye kiti chake, ambapo hapakuwa na mtu, nailoni ilikuwa ikitetemeka.