Namba za Siku Saba

Mzee Luhende hakuwa na macho. Sukari ilikuwa imeyala tangu mwaka juzi. Hakuwa na mtandao wa simu, kwa kuwa mnara wa karibu ulikuwa ng'ambo ya msitu wa hifadhi. Hakuwa na miguu ya kumfikisha kituo cha basi, hakuwa na betri ya akiba, wala barafu. Insulini zilibaki chupa tatu, na friji ndogo ya sola iliyozitunza ilikuwa imezima tena.

“Mama Julieth! Kidhibiti kinasemaje?”

Benedikta, mkewe, alisimama mbele ya kidhibiti chaji, kile kisanduku cha ukutani kinachopokea umeme wa paneli na kuilisha betri.

“Kumi na mbili nukta saba,” alisema.

“Na jana jioni?”

“Kumi na mbili nukta saba.”

Luhende alijipiga goti kwa kiganja. Bader, fundi wa Isevya mjini Tabora aliyewafungia mtambo, aliwaeleza wote wawili taratibu kabla ya kuondoka. Kumi na mbili nukta saba, betri imeshiba. Kumi na mbili, inaanza kuona njaa. Chini ya kumi na moja na nusu, kidhibiti kitakata umeme ili betri isife. “Mkipata tatizo,” alisema, “niandikieni namba za siku saba, asubuhi na jioni. Nikiziona nitajua kilichoharibika, na kifaa kitapanda basi siku hiyo hiyo.”

“Betri iliyoshiba haizimi friji,” Luhende alisema. “Tena betri gani inalala na kuamka na namba ile ile?”

Benedikta alikisogelea kisanduku. “Ila taa nyekundu inawaka.”

“Taa ni za watu wasiojua kusoma. Mimi nataka namba.”

Kesho yake asubuhi ilikuwa nukta sita. Jioni, nukta saba. Luhende alimwamuru akaze waya, akabadilishe fyuzi, akapande ngazi kufuta vumbi la Oktoba kwenye paneli. Benedikta alifanya yote. Friji iliunguruma jua la mchana, na jua lilipoteremka ikanyamaza.

Siku ya nne chupa ya kwanza iliingia ukungu. Benedikta alizifukia mbili zilizobaki kwenye chungu cha mchanga mbichi, lakini joto liliufuata mchanga humo humo. Luhende alianza kujichoma nusu dozi. Alikunywa jagi zima la maji, akaomba jingine, na midomo ikabaki mikavu.

Siku ya sita chupa ya pili nayo ikaharibika.

“Nimeelewa,” alisema usiku ule, sauti imekwaruza. “Kama betri ni nzima, mgonjwa ni friji. Tumwombe Bader kifaa cha friji, tuachane na betri.”

“Na kama ni betri, Baba Julieth?”

“Kwa namba hizi? Unabishana na namba ulizosoma mwenyewe?”

Benedikta alikwenda kumjazia jagi la maji.

Asubuhi ya siku ya nane, Masolwa, jirani yao mfugaji, alisimamisha pikipiki nje ya mlango. Alikuwa anawahi basi la Tabora.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Umejipaka mafuta namna gani, nayasikia mpaka huku. Ng'ombe watakutambua ukirudi?”

“Watanitambua kwa sauti, mzee.” Masolwa alicheka, kisha akauona uso wa Luhende, akaacha. “Ngoja niingie nikusomee hicho kisanduku. Nitamweleza fundi kwa mdomo.”

“Nina mke aliyekwenda kisomo cha ngumbaro mwaka mzima nilipokuwa kazini reli. Sijafika pa kusomewa na mchunga ng'ombe. Kaa hapo hapo nje, barua inakuja.”

“Basi ije upesi, mzee. Dereva hasubiri ngumbaro.”

Benedikta alifungua daftari juu ya meza. Luhende aliketi wima kwa shida, mikono juu ya mkongojo, akasema polepole kama mtangazaji wa redio.

“Kwa fundi Bader, Isevya. Jumatatu asubuhi, kumi na mbili nukta saba. Jumatatu jioni, kumi na mbili nukta saba.”

Kalamu ilikwaruza karatasi. Alizitaja zote kumi na nne bila kukosa, na kila alipotua, kalamu nayo ilitua.

“Malizia hivi. Naona friji ndiyo mbovu. Nimebakiwa na chupa moja. Tafadhali usichelewe. Haya, nisomee nisikie.”

Benedikta aliirudia barua yote, mstari kwa mstari, na hakuna neno lililopotea. Luhende aliachia pumzi ndefu. Kwa mara ya kwanza wiki ile uso wake ulilegea.

“Hapo atatuelewa,” alisema. “Mtu akiandikiwa vizuri hivi, ataelewa tu.”

Benedikta alichana karatasi, akatoka nayo na bahasha mpaka penye pikipiki. Alimpa Masolwa mgongo, akaitazama mara moja zaidi. Mistari ilikuwa imenyooka vizuri: vijiti na viduara, vijiti na viduara, kutoka juu mpaka chini, na ndani yake hamkuwa na tarakimu hata moja, wala herufi.

Aliikunja, akailamba bahasha, akaibana kwa kiganja mpaka ikashika.

“Mwambie fundi asijibu kwa barua,” alimnong'oneza Masolwa akimkabidhi. “Aje mwenyewe. Aje leo.”