Mkono Ulioonyesha Chini

Mkono wa kulia wa Bikira Maria ulikuwa mfukoni mwa sketi ya Yasinta, umeviringishwa kwenye leso, na Misa ya asubuhi ilikuwa imebakiza nusu saa.

Ilikuwa zamu yake kufuta vumbi kanisani mwa shule. Aliharakisha, na haraka haina baraka: bega liligonga sanamu, ikayumba, akaidaka. Sanamu ilipona. Mkono ulikatika kwenye kifundo ukaviringika hadi chini ya benchi.

Angevunja kitu kingine chochote angesema. Lakini mkono ule kisiwa kizima cha Flores, Indonesia, kiliujua. Mwaka wa tetemeko kubwa kanisa la shule lilianguka, na sanamu hiyo ya mti ilipotolewa kwenye kifusi, mkono uliokuwa umeinuliwa mbinguni ulikutwa umeelekea chini. Masista wakasema Mama anawaonyesha walio chini. Tangu hapo, miaka thelathini na ushei, wasichana wa shule huteremka kila Jumamosi hadi mtaa wa ufukweni kuosha wagonjwa na kuwapikia wasiojiweza. Na aliyeitoa sanamu kifusini alikuwa mwanafunzi wa kidato cha pili, ambaye sasa ndiye mkuu wa shule, Sista Kresensia.

Yasinta alikuwa mwaka wa mwisho. Ukifukuzwa mwaka wa mwisho, hakuna shule inayokupokea.

Fundi viatu wa getini alimpa gundi bila kuuliza. Alishazoea wasichana na soli zao. Yasinta akarudi mbio, akapaka, akaubandika mkono uelekee chini. Ukaacha mwanya, ukadondoka. Akajaribu tena, ukadondoka tena. Alipougeuza juu, ukakaa kama kifuniko kilichopata chungu chake. Gundi ikashika papo hapo, na nje waimbaji walikuwa wanapanda ngazi.

Mwanamke wa kwanza kuingia aliutazama mkono, akapiga magoti pale pale mlangoni.

Kufika Jumapili kanisa lilijaa mpaka uani. Watu walilia, wakagusisha rozari zao kwenye vidole vile. Yasinta aliimba pamoja nao. Kila aliyesema "muujiza" alikuwa kama anamtaja yeye kwa jina.

Kisha akasimama Bwana Gervasius, mwenyekiti wa wazazi, ambaye siku zote Jumamosi hizo zilimkera.

"Mama ameinua mkono," alisema. "Nani haoni? Kazi ya huko chini imetosha. Sasa watoto wetu wakae wasome, mitihani hiyo hapo."

Wazazi wakapiga makofi. Sista Kresensia hakupiga. Aliutazama mkono muda mrefu, akasema atatoa jibu baada ya Jumamosi.

Jumamosi Yasinta alichemsha maji akaenda kumwosha Bibi Petronela, aliyelala kwa kiharusi mwaka wa nne sasa. Binti yake alikuwa Malaysia, na majirani walimpa chakula, lakini kumgeuza na kumsugua mgongo hakuna aliyekuwa na moyo huo.

"Nasikia hamji tena," Bibi alisema.

"Nani kakwambia, Bibi?"

"Ukuta. Ukilala miaka minne, hata ukuta unakupa umbea."

Yasinta akakamua kitambaa, akakipitisha taratibu pembeni mwa kidonda kilichokuwa kimeanza kufunga.

"Basi leo nisugue sana," Bibi alisema. "Nisugue kiasi cha kunitosha mpaka siku ya kuzikwa."

"Bibi, usiseme hivyo."

"Na wewe usilie ndani ya maji yangu. Yatanichonyota."

Yasinta alimvalisha, akamlisha, akamwaga maji, halafu hakuwangoja wenzake. Alipanda kilima peke yake kwenye jua la saa saba. Shule aliipenda, na mama yake nyumbani alikuwa ameshautangazia ukoo mzima kwamba atakuwa nesi. Yote hayo aliyapima njiani, na kila mara mgongo wa Bibi Petronela ulikuwa mzito zaidi.

Alimkuta Sista Kresensia kanisani, ameketi mbele ya sanamu. Alisema yote kwa mkupuo, amesimama, asije akakosa ujasiri: vumbi, bega, leso, gundi.

"Nifukuze, Sista. Lakini Jumamosi zisiondolewe. Mama hakuinua mkono. Ni mimi."

Sista hakumtazama. Mikono yake ilikuwa imefumbatana mapajani, vidole vimekuwa vyeupe.

"Umemwosha Petronela leo?"

"Nimemwosha."

"Kidonda?"

"Kinafunga."

"Jumamosi ijayo utamwosha tena. Nyote mtateremka. Bwana Gervasius nitazungumza naye mimi, na wazazi wote, kesho, kutoka hapa mbele."

Yasinta akaketi benchi la nyuma yake. Alidhani atapumua, lakini aibu ilizidi. Kwa ajili ya mkono ule Sista alikuwa ameacha nyumba, ukoo na mchumba. Sasa angesimama mbele ya mji mzima kusema umevunjwa na msichana mwenye haraka.

"Nisamehe, Sista," alisema. "Mama mwenyewe aliugeuza chini, wewe ukauona kwa macho yako. Kazi ya Mungu, mimi nimeiharibu kwa gundi ya viatu."

Sista Kresensia akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu, ya mtu aliyelia kabla hajafikiwa.

"Chini niliugeuza mimi, mwanangu," alisema. "Ulikatika kifusini, nikaubandika kwa wali uliopondwa."