Farasi Hamsini kwa Figo Moja

Ijumaa, tarehe kumi na nne Machi, saa tisa na dakika ishirini alasiri, manyunyu yakigonga mabati ya karakana, mdogo mtu alipandisha fulana yake mbele ya kaka yake, fundi wa magari, na kumwonyesha kovu.

"Hili hapa, kaka. Au umelisahau?"

Fundi hakuwa amelisahau. Yeye mwenyewe alikuwa na kovu pacha la hilo tumboni. Miaka minne iliyopita, baada ya mashine ya hospitali kumsafisha damu kwa miezi kumi na tisa, na ndugu wengine kuanza kutazama pembeni kila walipokutana naye, mdogo huyu, ambaye mtaa mzima ulimwita Upepo, alilala kitandani kwa hiari yake akampa figo moja. Hakuwahi kulitaja tena hadi alasiri hiyo.

"Nilikupa figo. Wewe nipe farasi hamsini tu."

Gari lake jekundu la michezo lilisimama katikati yao, boneti wazi. Upepo alitaka injini iongezewe nguvu za farasi hamsini: ekzosi, yaani bomba la moshi, iwe pana, salensa ya kupunguza kelele ing'olewe, na kompyuta ya injini isetiwe upya. Jumapili alfajiri alikuwa na mashindano ya siri kwenye barabara ya milimani. Barabara hiyo ina kona iliyo juu ya machimbo ya mawe. Mwaka uliopita kona hiyo ilimmeza rafiki yake, na gari la marehemu lilikuwa lingali kule chini.

"Mdogo wangu, omba kingine. Omba hata nyumba yangu."

"Nyumba yako haina magurudumu."

"Nakusihi."

"Basi nitakwenda kwa jirani yako wa mtungi. Yule hana mahubiri."

Jirani wa mtungi alikuwa fundi aliyefunga mitungi ya gesi katika injini za watu ili ziruke badala ya kwenda. Kati ya magari matatu aliyoyafunga mwaka ule, mawili yalilipuka yakiwa na wenyewe ndani. Fundi alilijua hilo, na Upepo alijua kwamba fundi analijua.

Mfa maji haachi kutapatapa. Fundi alijaribu ukali, akajaribu utani, akataja maneno ya daktari kwamba mwenye figo moja hana akiba. Hatimaye alifunga boneti.

"Liache hapa," alisema. "Njoo kesho jioni."

Usiku huo hakulala, na asubuhi alifunga mlango wa karakana kwa ndani. Alikata bomba la zamani, akachomelea jipya, pana kiasi cha kupitisha ngumi ya mtu mzima. Kisha akaunganisha kompyuta yake na ya gari, akakaa kwenye kiti cha dereva saa tatu nzima, akibadilisha tarakimu moja baada ya nyingine. Tangu ajue kushika spana hakuwahi kufanya kazi kwa uangalifu kama ule.

Adhuhuri mama yao alibisha hodi. Hakuketi.

"Mimi nilikuzaa mara moja," alisema. "Mwenzako akakuzaa mara ya pili. Nawe unamlipa jeneza?"

"Nikimnyima, mama, atapewa kwingine."

"Na apewe. Mikono ya mwanangu isiwemo."

"Mikono yangu ndiyo haina budi kuwemo."

Mama alimtazama kama anayemtazama mgeni aliyekosea nyumba, akaondoka bila kuaga.

Jioni Upepo aliwasha gari. Vioo vya dirisha vilitetemeka, na njiwa wote waliokuwa juu ya paa wakaruka. Alifumba macho, kiganja juu ya boneti, akasikiliza kama mtu anayesomewa wasia uliomtaja yeye peke yake.

"Tulipandishe kwenye mashine ya kupimia nguvu," fundi alisema. "Uzione hesabu kwa macho yako."

Upepo alicheka. Waendeshaji wa barabara ile walipima nguvu kwa sikio, wakaamini sikio kuliko karatasi yoyote.

"Mashine ni ya viziwi, kaka. Niambie tu, nitashinda?"

"Nimeifanya kazi hii kwa uwezo wangu wote."

Upepo alimkumbatia bila kujali mafuta nguoni mwake.

Mashindano yalianza saa kumi na mbili asubuhi, na kwa kawaida yalichukua nusu saa. Saa moja ilipita. Ikapita saa moja na nusu. Fundi alisimama langoni, shati limelowa ingawa mvua ilikuwa imekatika. Ndani ya nyumba mama alisali kwa sauti, na katika sala hiyo mlikuwa na jina la mwana mmoja tu.

Saa mbili kasoro dakika kumi, mngurumo ulisikika kutoka mbali.

Upepo alishuka, akatupa funguo miguuni pa kaka yake.

"Wa mwisho! Linanguruma kama radi, linakwenda kama konokono. Watu wamecheka mpaka wakakaa chini. Hata mwuza mikate na gari lake bovu amenipita, kaka, akanipungia mkono."

"Na kona ya machimbo?"

Upepo alitazama viatu vyake.

"Nimeteleza. Gari limezunguka mara mbili, likasimama tairi moja la nyuma likining'inia hewani." Aliinua macho. "Na ule ulikuwa mwendo wa konokono."

Fundi aliinama, akaokota funguo, akazitia katika mfuko wake mwenyewe.

"Nilikupunguzia farasi sabini," alisema. "Figo lako nimekulipa."