Kulabu ya Juu

Bamba la kaka mtu lilikuwa limeshavunjika vipande viwili lilipoangushiwa tufe la chuma, na sasa ilikuwa zamu ya bamba la mdogo wake. Litakaloshinda ndilo karakana itakalolitumia kutengenezea kofia za wajenzi.

"Nyuzi nimezipanga kwa kuzizungusha tabaka juu ya tabaka, kama gamba la kaa," mdogo mtu alimweleza bosi, na bosi akampigapiga bega kwa kumpongeza. Bega la kaka mtu halikuwahi kupigwa hivyo.

"Angusha tu, kaka, usinionee huruma!"

Kijicho kilimpanda kaka mtu. Badala ya kulitundika tufe kwa kamba kwenye kulabu ileile iliyotumika kwa bamba lake, akalipandisha hadi ya juu kabisa, akaliachia.

Kishindo kilitikisa madirisha.

Ufa ulianzia usoni mwa bamba, ukajipindapinda kama ngazi, ukafia katikati ya matabaka. Bosi akaligeuza. Mgongoni lilikuwa zima, laini kama shavu la mtoto. Ndipo alipoinua macho, akaona kamba inaning'inia kwenye kulabu ya juu.

"Kumbe linahimili hata kutoka kule!"

Mdogo mtu naye aliitazama kulabu, kisha akamtazama kaka yake.

"Ahsante, kaka," akasema taratibu. "Mimi nisingethubutu."